SOMO LETU: KWA NINI PANYA HUYU HASHIBI?

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala tangi la maji. Somo letu ni juu ya panya, tena si yule anayetuibia mahindi ghalani, ila panya wa kufugwa ambaye wataalamu humtumia katika maabara zao. Msicheke kwanza. Tutawaambia kilichotufanya tumtafute.

Mwisho wa mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama, wakati mweka hazina alikuwa bado anahesabu pesa za mzunguko, mama mmoja alibaki nyuma, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Mtoto wangu ana miaka minne. Anamaliza sahani yake, anaomba ya ndugu yake, na usiku bado analia njaa. Amenenepa hata nguo za mtoto wa miaka minane zinambana. Mama mkwe anasema nimemdekeza. Shemeji anasema ni ulafi tu, achapwe. Sasa niambieni, kosa ni langu?"

Tulimshauri ampeleke mtoto hospitalini. Lakini juu ya kosa ni la nani, hatukuwa na jibu la maana. Na wengine wetu, tukiri, moyoni tulikuwa upande wa shemeji. Tulipokwenda kusoma ndipo tukakutana na huyu panya.

Panya wa Zucker

Mwaka 1961 watafiti wawili, Lois Zucker na Theodore Zucker, waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa Stow, jimbo la Massachusetts huko Marekani, waliandika habari za panya wasio wa kawaida. Wazazi walikuwa wembamba, wazima, hawana shida yoyote. Lakini katika watoto wao wakawa wanatokea wachache wanaonenepa ajabu. Kufikia wiki ya tano ungeweza kuwatambua kwa macho tu, wamekuwa mviringo kama kibuyu. Wakikomaa wengine hufikia kilo 1, yaani nusu ya pakiti ya unga wa ugali, na karibu asilimia 40 ya mwili wao ni mafuta. Hula kupita ndugu zao. Hawapendi kutembea. Baridi ikija hawajui kujipasha joto vizuri. Majike hawazai, na madume ni nadra sana kuzalisha.

Ukimwona panya huyo kando ya chombo chake cha chakula, utasema nini? Utasema kile shemeji alisema.

Watafiti nao walitaka kujua kama ni ulafi. Wakafanya jambo rahisi ambalo hata sisi tungelifikiria: walimpimia panya mnene chakula kilekile, gramu kwa gramu, anachokula ndugu yake mwembamba. Hakuna nyongeza. Basi kama shida ni ulafi, si angekonda? Hakukonda akawa kama ndugu yake. Alikuwa mdogo kidogo kuliko angekuwa, lakini bado mwili wake ulijaa mafuta, na nyama ya misuli ikawa pungufu. Yaani kale kadogo alikopewa, mwili ulikachukua na kukaweka akiba ya mafuta badala ya kujenga misuli. Hata watoto wachanga wa ukoo huo, wakiwa bado wananyonya na kabla hawajaanza kula kuwapita wenzao, tayari wanaweka mafuta zaidi. Mafuta yanatangulia, ulaji unafuata.

Hapa tulinyamaza kidogo tuliposoma. Maana yake ni kwamba ndani ya mwili wa panya huyu kuna kitu kinachoamini kuwa yeye ana njaa. Mwili mzima unafanya kazi kama wa mtu aliye katika mwaka wa ukame: kula kila unachopata, weka akiba, usitembee ovyo, usipoteze joto, usizae sasa. Isipokuwa ukame haupo, na ghala limefurika.

Ujumbe ulio katika damu

Mwaka 1959, kabla hata ya panya wa Zucker kujulikana, mtafiti mmoja wa Uingereza, G. R. Hervey, alifanya jambo ambalo kwa kweli si zuri kulisikia wakati wa chakula. Aliwaunganisha panya wawili ubavu kwa ubavu kwa upasuaji, hivi kwamba damu kidogo ya mmoja ikawa inapita kwa mwenzake. Kisha akaharibu mahali padogo sana chini ya ubongo wa mmoja wao, mahali panapoitwa haipothalamasi. Huyo akaanza kula bila kipimo, akanenepa. Lakini mshangao ulikuwa kwa yule mwingine ambaye hakuguswa ubongo. Yeye aliacha kula, akakonda sana.

Fikirini sana hapo. Mnene alikuwa anapeleka kitu katika damu, kitu kinachosema "tumeshiba, tosha." Yeye mwenyewe hakukisikia kwa kuwa mahali pa kusikia palikuwa pameharibiwa. Mwenzake mzima ndiye alikisikia, akadhani ameshiba yeye, akaacha kula.

Mwaka 1987 matokeo kama hayo yalichapishwa juu ya panya wa Zucker wenyewe. Mwembamba aliyeunganishwa na mnene alipoteza mafuta yake. Kwa hiyo panya wa Zucker pia alikuwa na ujumbe tele katika damu. Ni kusikia ndiko kulikomshinda, na huyu hakuna mtu aliyemharibu ubongo kwa kisu. Alizaliwa hivyo.

Hodi na karibu

Kitu chenyewe kilichobeba ujumbe kilipatikana mwaka 1994, katika maabara ya Jeffrey Friedman kwenye Chuo Kikuu cha Rockefeller, mjini New York. Wakakiita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mwembamba." Leptini hutengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe. Sisi tulizoea kufikiri mafuta ni mzigo tu, yamekaa kama gunia kwenye kona. Kumbe yanasema! Yakiwa mengi yanatoa leptini nyingi, yakipungua inapungua. Leptini huingia katika damu, inasafiri mpaka ubongoni.

Mwaka uliofuata, 1995, ukapatikana upande wa pili wa habari, nao ndio kiini cha somo letu: kipokezi cha leptini, pamoja na jeni inayokitengeneza.

Tueleze kwa lugha ya nyumbani. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina ukuta wake. Mgeni hafiki na kuingia tu, anapiga hodi. Sasa hodi bila mtu wa kusema karibu ni kelele tu uani. Kipokezi ndicho kinachosikia hodi. Kimekaa katikati ya ukuta wa seli, kichwa chake kiko nje na mkia wake uko ndani. Leptini ikifika inashikana na kile kichwa, na kichwa hicho kimeumbwa kwa ajili yake, kama kufuli na ufunguo wake. Leptini yenyewe haiingii ndani. Inabaki pale mlangoni, lakini mkia ulio ndani unaamka na kuwaamsha wasaidizi. Mmoja wao, ambaye wataalamu wamempa jina STAT3, anachukua habari mpaka kitovu cha seli zinakokaa jeni. Huko baadhi ya jeni zinaambiwa zifanye kazi zaidi, zile za kuleta shibe, na nyingine zinaambiwa zipunguze, zile za kuamsha njaa.

Seli zenye kipokezi hiki kwa wingi ziko palepale ambapo Hervey aliharibu mwaka 1959: chini ya ubongo, katika haipothalamasi. Miaka 36 ilipita kati ya panya wale walioshonwa na jina la kitu kilichokosekana.

Na jeni je? Jeni ni kama fremu ya kufyatulia matofali. Fremu si tofali, wala huwezi kuijengea nyumba, lakini kila tofali linatoka na umbo la fremu. Jeni ya kipokezi cha leptini ndiyo fremu ambayo seli inatumia kila inapohitaji kutengeneza kipokezi. Fremu ikipinda kidogo kwenye pembe moja, matofali yote yatapinda pembe hiyohiyo, hata ukitumia udongo mzuri namna gani.

Herufi moja tu

Mwaka 1996 watafiti walisoma jeni hiyo ya panya wa Zucker herufi kwa herufi. Jeni huandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Katika panya mnene walikuta mahali ambapo pangepaswa kuwa na A pameandikwa C. Basi. Herufi moja.

Mtu atasema, herufi moja inaweza kufanya nini? Andika neno "kula". Sasa ondoa l uweke f.

Kipokezi ni mnyororo mrefu wa vipande zaidi ya 1,100 vilivyoungana. Kwa sababu ya ile herufi, kipande cha 269 kinabadilika: badala ya glutamini panaingia prolini. Prolini ni kipande kigumu, kinakunja mnyororo pale ambapo haukutakiwa kukunjika. Kwa hiyo vipokezi vya panya huyu vinatoka vimekaa vibaya. Vingi havifiki kwenye ukuta wa seli mahali pake, na vinavyofika havipeleki habari inavyotakiwa. Leptini inapiga hodi, inapiga tena. Mafuta yanavyozidi ndivyo inavyozidi kupiga, na ukipima damu yake utaikuta imejaa leptini. Ndani kimya.

Majaribio ya kikundini: maharagwe mekundu na meupe

Tumesema wazazi wa panya hawa ni wembamba. Watu wengi hushangaa: wazazi wazima wanazaaje mtoto mwenye kasoro ya kuzaliwa? Hapo ndipo maneno huanza, "hii imetoka ukoo wa mama," na nyumba zinavunjika. Fanyeni jambo hili kikundini, linachukua nusu saa.

Tafuteni vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Kila mnyama hubeba jeni hii mara mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Kwa hiyo wekeni haragwe moja jekundu na moja jeupe katika kila kikombe. Jekundu ni jeni nzima, jeupe ni jeni yenye kasoro. Panya mwenye moja jekundu na moja jeupe anaishi kama kawaida, kwa sababu ile nzima inatosha kutengeneza vipokezi vya kusikia hodi. Kwa hiyo baba na mama wote wawili ni wembamba, na hakuna anayejua kuwa wamebeba jeupe.

Mtu mmoja afunge macho, achukue haragwe moja kutoka kila kikombe. Huyo ndiye mtoto. Katibu aandike, maharagwe yarudishwe, mwingine aje. Fanyeni mara 40 au zaidi. Mtaona karibu mmoja katika kila wanne anapata meupe mawili. Huyo ndiye mnene. Karibu wawili wanabeba jeupe bila kujionyesha, na mmoja hana kabisa. Msigombane mkipata meupe mawili mara tatu mfululizo. Bahati haina ratiba. Mkijaribu mara chache sana hesabu itawadanganya.

Halafu kiongozi aulize: jeupe limetoka kwa nani? Mtakuta kwamba mtoto mnene hawezi kupatikana mpaka baba ametoa lake na mama ametoa lake. Tumeona wanaume wakinyamaza hapo.

Ni kwa njia hiyohiyo ukoo wa panya wa Zucker unaendelezwa. Kwa kuwa wanene wenyewe hawazai, wafugaji hutumia wale wembamba waliobeba jeupe kimyakimya.

Kurudisha kipokezi mahali pake

Bado mtu mbishi anaweza kusema: mmejuaje ni kipokezi hicho na si kitu kingine? Ni swali zuri, maana kuona kasoro mbili pamoja si kusema moja imeleta nyingine. Gari likikataa kuwaka na taa ya nyuma imevunjika, si lazima taa ndiyo iliyolizima.

Yako majibu kutoka kwa panya wa ukoo mwingine, waitwao Koletsky. Hawa jeni yao hiyohiyo ina kasoro kubwa zaidi: maandishi yanakatika njiani, na kipokezi hakitengenezwi kabisa. Nao ni wanene sana. Mwaka 2003 watafiti wa Seattle, Marekani, walichukua kirusi kilichoondolewa ukali, wakakipakia nakala nzima ya jeni ya kipokezi, wakakiingiza mahali padogo tu ndani ya haipothalamasi ya panya hao. Hawakubadilisha chakula wala kuongeza mazoezi. Walirudisha tu mtu wa kusema karibu. Panya wakapunguza kula wenyewe na hawakunenepa kwa kasi kama wenzao. Hawakupona kabisa, kwani kipokezi kilirudishwa mahali pamoja tu na kina kazi sehemu nyingine pia. Lakini jibu lilipatikana. Panya yuleyule aliyeitwa mlafi alijizuia bila kufundishwa na mtu.

Kazi ya pili, ambayo huenda ndiyo ya kwanza

Kuna jambo ambalo sisi wa sehemu za ukame tutalielewa haraka kuliko hao wa maabara. Leptini na kipokezi chake havikuwekwa tu kuzuia unene. Mnyama wa porini ni mara ngapi ananenepa? Hatari yake kubwa ni njaa. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, hodi inanyamaza, na ubongo unajua: hali ni mbaya, tupunguze matumizi.

Mwaka 1996 watafiti wa Boston walionyesha hivyo kwa panya wadogo waliofungishwa chakula. Mwili wao ulipunguza homoni za kuzaa na za kuchochea joto, na majike wakachelewa kupevusha mayai. Walipochomwa leptini, ubongo ukadanganyika kuwa ghala limejaa, na mengi ya mabadiliko hayo yakapungua, ingawa tumbo lilikuwa tupu bado. Akina mama wanaokumbuka miaka ya njaa wanajua kwamba msichana aliyekonda sana anaweza kukosa hedhi mpaka chakula kirudi. Mwili unasoma akiba yake kabla ya kukubali mzigo wa mimba, na kipokezi hiki ni mojawapo ya macho unayosomea.

Sasa mnaona panya wa Zucker alivyo. Yeye yuko katika njaa isiyoisha, siku zote, akiwa amebeba gunia zima mgongoni. Na mwili wake unalipa: damu yake hujaa mafuta, na insulini inashindwa kufanya kazi sawasawa. Kuna ukoo uliotokana na hao ambao madume wake hupata kisukari wakiwa bado na umri wa miezi michache tu. Wataalamu wengi wa kisukari wamejifunza kazi yao kwa panya hao.

Je, na binadamu?

Binadamu pia ana jeni hii. Mwaka 1997 huko Uingereza waliandikwa watoto wawili wa familia moja ambao miili yao haikutengeneza leptini yenyewe. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86, na mvulana wa miaka 2 kilo 29. Kwao hodi haikupigwa kabisa. Yule msichana alipoanza kuchomwa leptini kila siku, katika mwaka mmoja alipunguza kilo 16, na akaanza kuacha chakula kwenye sahani.

Mwaka 1998 wakapatikana Ufaransa dada watatu ambao, kama panya wetu, kipokezi ndicho kilikuwa na kasoro. Leptini yao ilikuwa nyingi mno katika damu. Wa namna hii ukiwachoma leptini unapoteza dawa. Ni kumpigia kelele kiziwi. Ni mwaka 2020 ambapo Marekani iliidhinisha dawa, setmelanotidi, inayoweza kuwasaidia wenye kasoro hii. Haitengenezi mlango ulioharibika. Inauruka na kwenda kupiga hodi kwenye mlango wa pili, ndani zaidi. Bei yake ni ya kutisha.

Lakini hapa tunataka kuwa wakali kidogo, kwa sababu tunajua watu wengine wameshaanza kutabasamu na kusema, "Kumbe kitambi changu ni jeni!" Pole. Kasoro hii ni nadra sana. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya watu 300 waliochaguliwa kwa sababu walinenepa kupita kiasi tangu utotoni, na katika hao wote ni 8 tu waliokuwa nayo. Mtu aliyekuwa mwembamba mpaka miaka 35, akapata pesa kidogo, akaacha kutembea kwenda sokoni, akazoea chipsi na soda, huyo kipokezi chake kipo. Kwa wengi wa namna hiyo leptini ni nyingi, lakini ubongo umeizoea na hauijali tena kama zamani. Mwaka 1999 watu wanene wa kawaida walijaribiwa kwa sindano za leptini, na kwa wengi faida ilikuwa ndogo. Kwao bado ni kupunguza sukari na mafuta ya kukaanga, na kushika jembe.

Na mtu akija sokoni na vidonge anavyoviita vya leptini, mwacheni aende na mkoba wake. Leptini ni protini kama nyama au maharagwe. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama githeri.

Tunarudi kwa yule mama. Hatuwezi kusema mtoto wake ana kasoro ya kipokezi. Hatujui, na wala muuguzi hawezi kujua kwa kumtazama. Ziko sababu nyingine za mtoto kunenepa namna hiyo, za homoni na za chakula. Tulichomwambia ni kwamba njaa ya mtoto wake yaweza kuwa njaa ya kweli, ambayo kiboko hakiwezi kuifikia, na kwamba kama ni kasoro hii ya kipokezi basi ilihitaji pande zote mbili za ukoo. Alicheka kidogo, akasema angependa mama mkwe asikie hiyo. Tulimwahidi tutaliandika.

Kwa wazazi wengine: mtoto aliyeanza kunenepa kupita kiasi katika miezi ya kwanza ya maisha, na ambaye hashibi kamwe, apelekwe kwa daktari, si kwa majirani. Beba kadi ya kliniki yenye uzito wake tangu kuzaliwa, hata kama imechakaa, kwa sababu mstari wa uzito humwonyesha daktari ni mwezi gani mambo yalianza. Beba pia majina ya ndugu wowote wa pande zote mbili waliokuwa hivyo. Tofauti na huyo ni mtoto anayekula sana, anakunywa maji sana, anakojoa kila mara, na huku anakonda. Huyo anaweza kuwa na kisukari kikali. Msingoje siku ya kliniki; mpelekeni siku hiyohiyo, hata kwa bodaboda, hata kama ni usiku.